Mgombea Mpya wa Udiwani Dar es Salaam: Historia ya Mchujo Kabla ya Kura

Udiwani ni uongozi wa kuchaguliwa ulio karibu zaidi na maisha ya kila siku ya mkazi wa Dar es Salaam kuliko ubunge au urais. Diwani huwakilisha kata moja katika baraza la halmashauri, huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ndiye anayetafutwa mtaro unapoziba, zahanati inapoishiwa dawa au uwanja wa shule unapovamiwa. Ndiyo maana watu wengi wanaoingia katika siasa huanzia hapo. Historia ya jiji inaonyesha kwamba, katika kila zama, anayewania nafasi hiyo kwa mara ya kwanza hupimwa na watu wachache kabla ya kupimwa na watu wengi. Wachache hao wamekuwa wazee wa mji, kisha Gavana, kisha Chama, kisha wajumbe wa kura za maoni. Kuijua historia ya udiwani, basi, ni kujua nani alishika mchujo huo na alitaka nini kwa mgombea mpya.

Wakuu wa miji ya Mrima

Kabla ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar kuanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, eneo hilo lilikuwa na kijiji cha Mzizima, na vijiji vya jirani kama Kunduchi na Mbweni, vilivyokaliwa na Washomvi na Wazaramo. Katika pwani yote ya Mrima, kutoka Pangani hadi kusini ya Mzizima, miji ilikuwa na wakuu walioitwa majumbe au madiwani, na chini yao vyeo kama shaha, waziri na amiri. Wakuu hao waliamua kesi, walisimamia ardhi na walipokea malipo kutoka kwa wafanyabiashara na misafara.

Ukuu huo haukupigiwa kura, lakini pia haukuwa urithi mtupu. Aliyeutaka alipaswa kutoka katika ukoo unaokubalika, kisha apate ridhaa ya wenye vyeo waliomtangulia. Alilipa ada, akachinja ng'ombe na kuulisha mji, ndipo akafungwa kilemba mbele ya watu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani ya Bagamoyo, alizieleza desturi za namna hii katika maandishi yake yaliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Waswahili. Karamu hizo zilikuwa na mashindano ndani yake. Watu waliotajirika kwa biashara ya pembe za ndovu na misafara waliweza kuwazidi watoto wa koo kubwa kwa ukarimu, na hivyo kujipatia heshima ambayo wazee wao hawakuwa nayo. Mgombea mpya wa zama hizo, kwa hiyo, alihitaji vitu viwili: kukubaliwa na wazee na mali ya kulisha mji. Mahitaji hayo mawili yanaonekana tena, kwa sura nyingine, katika kila sehemu ya historia iliyofuata.

Utawala wa Wajerumani ulivunja nguvu za wakuu hao. Baada ya vita vya 1888 na 1889, vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim upande wa Pangani na Bwana Heri upande wa Saadani, miji ya Mrima iliwekwa chini ya maliwali na maakida walioteuliwa na serikali. Mwaka 1891 Dar es Salaam ilifanywa makao makuu badala ya Bagamoyo. Jumbe akabaki kuwa mtumishi wa akida, mkusanya kodi na mtafuta vibarua. Mtu wa mji aliyetaka uongozi hakuwa tena na wa kumlisha wala wa kumwomba ridhaa isipokuwa ofisa wa serikali.

Uteuzi wa Gavana

Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na mwaka 1920 mji ukawekwa chini ya mamlaka ya mji mdogo. Wajumbe wa mamlaka hiyo waliteuliwa. Maofisa wa serikali na wafanyabiashara wa Kizungu na wa Kihindi ndio waliokuwa na sauti, ilhali wakazi wengi wa mji walikuwa Waafrika wa Kariakoo, Ilala na vijiji vya pembezoni. Mji wenyewe uligawanywa kwa rangi: Uzunguni palijengwa kwa masharti ya juu, Uhindini ikawa sehemu ya maduka, na Waafrika wakaachiwa maeneo ya nyumba za udongo na makuti. Baraza lisilochaguliwa na wakazi wa Kariakoo halikuwa na sababu ya kuharakisha taa, maji na mifereji huko.

Serikali ya kikoloni ilipofikiri juu ya uwakilishi wa Waafrika, ilitazama kwanza kwa machifu. Sheria ya mwaka 1926, iliyopitishwa wakati wa Gavana Donald Cameron, iliweka utawala wa wenyeji mikononi mwa machifu na wazee waliokubaliwa na serikali. Hata Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, walikuwa machifu. Makarani, walimu, mabaharia na wafanyabiashara wadogo wa mjini hawakuwa na nafasi katika mpango huo. Walijenga nafasi yao wenyewe. Chama cha African Association kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na vyama vya ngoma, vya kuzikana na vya wafanyakazi vikawafundisha watu kuongoza mikutano, kuandika kumbukumbu na kutunza fedha za wenzao. Ujuzi wa namna hiyo ndio uliokuja kuwafaa wagombea wa kwanza.

Dar es Salaam ilipandishwa kuwa manispaa mwaka 1949. Mwanzoni wajumbe wa baraza la manispaa nao waliteuliwa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1953 ilifungua njia ya mabaraza yenye wajumbe wa rangi zote, lakini kwa hesabu ambazo hazikulingana na idadi ya watu. Upinzani dhidi ya mpango huo ulikuwa mkali. Huko Geita, mwaka 1958, baraza la namna hiyo lilizusha ghasia kubwa, na serikali ikalazimika kurudi nyuma.

TANU na baraza la kuchaguliwa

TANU, iliyozaliwa Julai 7, 1954 kutokana na African Association, ilibadilisha njia ya kuingia katika uongozi. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato au elimu ya kiwango kilichowekwa, au wadhifa uliotambuliwa, na alilazimika kuchagua wagombea watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mkutano wa TANU wa Tabora wa Januari 1958 uliamua kushiriki licha ya masharti hayo, na ushindi uliopatikana ukaonyesha kwamba chama chenye matawi mitaani kinaweza kushinda hata chini ya sheria iliyotungwa kukizuia.

Ushindi huo ulifika pia katika baraza la mji. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, na alikuwa mhubiri wa Ahmadiyya na mshairi ambaye kitabu chake juu ya kanuni za ushairi kilitoka mwaka 1954. Hakuwa mtoto wa ukoo wa wakuu wa Mrima, wala tajiri wa Uhindini, wala chifu. Alijulikana kwa elimu yake, kwa Kiswahili chake na kwa utumishi wake katika chama. Baadaye akawa waziri, na alifariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 40. Maisha yake ya kisiasa yanaonyesha mlango ambao TANU iliufungua: mtu aliyehamia mjini kutoka mbali aliweza kupewa dhamana ya mji mkuu wa nchi.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Dar es Salaam ilipewa hadhi ya jiji, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kisheria. Kwa mara ya kwanza madiwani waliochaguliwa ndio waliokuwa wenye mji.

Chama kimoja na masharti ya uongozi

Mfumo wa chama kimoja, uliowekwa kikatiba mwaka 1965, ulihamisha mchujo kwenda ndani ya TANU. Katika ubunge, vikao vya chama viliteua wagombea wawili kwa kila jimbo, na wapiga kura wakachagua kati ya alama ya jembe na alama ya nyumba. Katika udiwani pia, asiyekubalika kwa vikao hakuweza kufika kwa wapiga kura. Njia ya mgombea mpya ilianza chini kabisa, kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye alijua nani anahudhuria mikutano, nani analipa ada ya uanachama na nani ana ugomvi na jirani zake.

Azimio la Arusha la 1967 liliongeza kipimo kingine. Masharti yake ya uongozi yaliwataja madiwani pamoja na mawaziri, wabunge na watumishi wa ngazi za juu na za kati. Kiongozi alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na mishahara miwili na asimiliki nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalimhusu pia mke au mume wake. Katika mji kama Dar es Salaam, ambako nyumba yenye vyumba vya wapangaji ilikuwa akiba ya kawaida ya mtu aliyejikusanyia senti zake kwa miaka mingi, sharti la mwisho lilikuwa zito. Mwenye nyumba ya Kariakoo au Magomeni aliyetaka udiwani alipaswa kuchagua moja. Nia ya Azimio ilikuwa safi: anayepanga bei ya maji na ramani ya viwanja asiwe anayenufaika nayo. Masharti hayo yalidumu hadi yalipolegezwa mwaka 1991 na maamuzi yanayojulikana kama Azimio la Zanzibar.

Wakati huohuo nguvu za madiwani zilikuwa zinapungua. Mwaka 1969 mabaraza yalinyang'anywa vyanzo muhimu vya mapato, ikiwemo kodi ya kichwa. Mwaka 1972 serikali ilianza mpango wa madaraka mikoani uliofuta mabaraza ya wilaya, na kufikia 1974 mabaraza ya miji nayo yakafutwa, likiwemo la Dar es Salaam. Jiji likagawanywa katika wilaya za Ilala, Kinondoni na Temeke chini ya maofisa wa serikali kuu. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na kiti cha udiwani cha kugombea. Matokeo yalionekana mitaani: takataka zilikaa bila kuzolewa, barabara zikachimbika, mifereji ikaziba, na kipindupindu kikazuka nchini katika miaka ya 1977 na 1978. Hakuna hoja iliyotetea udiwani kwa nguvu kuliko miaka hiyo ambayo udiwani haukuwepo.

Serikali ilikiri kosa hilo kwa vitendo. Sheria ya 1978 ilirudisha mabaraza ya miji, sheria ya uchaguzi wa serikali za mitaa ikapitishwa mwaka 1979, na sheria za 1982 zikaweka misingi ya halmashauri za wilaya na za miji na fedha zake. Kufikia 1984 mfumo ulikuwa umerejea nchi nzima, ukiwa bado chini ya mchujo wa Chama Cha Mapinduzi (CCM), mrithi wa TANU, kilichozaliwa Februari 5, 1977.

Vyama vingi

Mageuzi ya 1992 yaliruhusu vyama vingi, na uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo huo ulikuwa wa serikali za mitaa, Oktoba 1994. CCM ilishinda kwa tofauti kubwa sana. Vyama vipya havikuwa na matawi wala mabalozi, na katika kata nyingi havikuwa na mgombea. Kuanzia mwaka 2000 udiwani umekuwa ukipigiwa kura siku moja na urais na ubunge.

Mfumo mpya ulibakiza sharti moja la zamani: mgombea lazima apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 1994, lakini Bunge likabadilisha Katiba kuuzuia uamuzi huo. Akarudi tena na kushinda mwaka 2006, kisha Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo mwaka 2010. Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba kuzuia mgombea binafsi kunavunja haki za raia. Hata hivyo sheria ya uchaguzi iliyopitishwa mwaka 2024 bado inadai chama. Mkazi anayeheshimika mtaani kwake lakini asiye na kadi ya chama hawezi kuwa diwani.

Kwa wanawake ulifunguliwa mlango mwingine, viti maalum, ambavyo sasa ni theluthi moja na hugawanywa kwa vyama kulingana na matokeo ya kata. Viti hivyo vimewaingiza wanawake wengi barazani na kuwapa uzoefu wa kamati na bajeti. Lakini majina hupangwa na vyama, kwa hiyo mwanamke anayeingia kwa njia hiyo huanza bila kata anayoweza kuiita yake, na akitaka kugombea kata baadaye hukutana na mchujo uleule.

Baraza la Dar es Salaam lenyewe halikuwa salama. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja na kuliweka jiji chini ya tume iliyoongozwa na Charles Keenja. Mwaka 2000 madiwani walirudi katika mfumo mpya wa halmashauri ya jiji pamoja na manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Ubungo na Kigamboni zikafuata baadaye. Mwaka 2015 vyama vya upinzani vilivyoungana katika Ukawa vilipata viti vingi jijini, na Machi 2016, baada ya uchaguzi wa meya kuahirishwa zaidi ya mara moja, Isaya Mwita wa Chadema akachaguliwa meya wa jiji. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja halmashauri ya jiji na kuipa Ilala hadhi ya jiji.

Hatua za mgombea mpya

Safari ya mgombea wa leo huanza kwa kutia nia ndani ya chama. Katika CCM, watia nia huchukua fomu, hupigiwa kura za maoni, kisha vikao vya juu huamua jina litakalopelekwa Tume ya Uchaguzi. Mwaka 2010 na 2015 wanachama wote walipiga kura za maoni. Mwaka 2020 kazi hiyo ilirudi kwa wajumbe wa mikutano mikuu, na watia nia wengi walioahidiwa kura wakaambulia chache. Msemo wa mwaka ule, kwamba wajumbe si watu, ulibeba machungu ya wageni wengi wa siasa. Hata mshindi wa kura za maoni anaweza kukatwa jina.

Baada ya chama hufuata sheria. Mgombea awe raia wa Tanzania mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe na njia halali ya kujipatia kipato. Chini ya sheria ya 1979, alihitaji wadhamini wasiopungua kumi waliojiandikisha kupiga kura katika kata hiyo, pamoja na dhamana ya shilingi 5,000. Fedha hiyo ni ndogo, na wadhamini kumi hupatikana mtaa mmoja. Ugumu umo katika fomu yenyewe: namba ya kadi iliyokosewa, saini iliyokosekana au muhuri usiopigwa huzaa pingamizi, na rufaa ina muda mfupi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 na uchaguzi mkuu wa 2020, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa katika hatua hiyo, na wengi wa CCM wakapita bila kupingwa. Mwaka 2025 Chadema ilikataa kusaini maadili ya uchaguzi, na Tume ikatangaza kwamba haitashiriki. Kila mara mpiga kura wa kata alipunguziwa uchaguzi kabla hajafika kituoni.

Kampeni ya kata hufanywa kwa miguu: nyumba kwa nyumba, vijiweni, sokoni, na mikutano midogo ya hadhara. Gharama ziko katika spika, usafiri, fulana, chakula cha wahamasishaji na posho za mawakala watakaokaa vituoni hadi kura zihesabiwe. Hapa ndipo desturi ya karamu ilipojitokeza upya. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa kuruhusu takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta kwa kuwa iliwapendelea wenye fedha na kufungua njia ya rushwa. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikaweka mipaka ya matumizi kwa wagombea, madiwani wakiwemo. Uamuzi wa 2006 ulikuwa wa haki. Jumbe wa Mrima aliulisha mji kwa mali yake mbele ya watu wote. Anayegawa bahasha usiku hununua kura ambayo gharama yake ataifidia kutoka katika viwanja na zabuni za wananchi walewale.

Mipaka ya anachoweza kuahidi

Uwezo wa diwani hutegemea mapato ya halmashauri. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo, tegemeo kubwa la miji, ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mkurugenzi na wakuu wa idara huteuliwa na serikali kuu. Diwani hawezi kwa amri yake kujenga barabara ya lami wala kuajiri daktari. Anaweza kuisukuma bajeti katika kamati, kuhoji hesabu, kusimamia ardhi ya umma, kufuatilia asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kuwaunganisha wakazi katika kazi zao wenyewe za maendeleo. Mgombea mpya anayelijua hilo huahidi machache na huweza kuyatimiza.

Kwa zaidi ya karne moja na nusu mchujo wa kabla ya kura umebadilika mikono, na kila ulipobanwa mno mji ulipata hasara: mitaa ya Kariakoo iliyosahauliwa chini ya uteuzi, huduma zilizoanguka baada ya 1974, kata zilizokosa ushindani mwaka 2020. Kila ulipolegezwa, kama mwaka 1960 na 2015, watu wapya waliingia na baraza likawa na mjadala. Kuruhusu mgombea binafsi, kutomwengua mtu kwa kosa dogo la fomu, na kuwarudishia wanachama wote kura za maoni ni hatua tatu zinazoweza kuweka uamuzi wa nani awe diwani pale unapostahili kuwa, kwa wakazi wa kata.